Ukienda kufanya mazoezi kwa Renzo Gracie, New York: mwongozo wa mgeni

Kusini kidogo tu ya kituo cha treni cha Penn Station, Manhattan, kwenye Barabara ya 30 Magharibi, kuna ngazi zinazoshuka kwenye jimu iliyo chini ya ardhi. Hapo ndipo makao ya Renzo Gracie Academy, na kwa mtu anayependa jiu-jitsu ya Brazil, mchezo wa kukabana na kumfanya mpinzani asalimu amri, kushuka ngazi zile na begi lenye gi, lile vazi nene la mazoezi, begani ni jambo la kukumbukwa. Mwongozo huu ni wa aina mbili za watu. Kuna anayeishi Marekani tayari, pengine Maryland, Texas au Minnesota, anafanya mazoezi kwenye jimu ndogo ya mjini kwake na anatamani wiki moja New York. Kuna pia aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, ambaye kazi, masomo au harusi ya ndugu itampitisha pale.

Wote wawili wanaweza kuingia. Jimu za jiu-jitsu, hata zenye majina makubwa, zina desturi ya kupokea wageni. Ila desturi hiyo inamtaka mgeni naye ajue kupokelewa, na hapo ndipo wengi wanapopungukiwa: nguvu zote zinaishia kwenye tiketi na picha, kisha mtu anafika mkekani hajui asimame wapi, amwombe nani raundi ya kupambana, wala aseme nini mguu wake unapokamatwa.

Kwanza, jua unaingia kwa nani

Renzo Gracie alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1967. Babu yake, Carlos Gracie, alijifunza kwa Mjapani Mitsuyo Maeda kule Belém, kaskazini mwa Brazil, kisha mwaka 1925 akafungua jimu Rio na kuwafundisha wadogo zake, akiwemo Hélio. Renzo mwenyewe alihamia New York katikati ya miaka ya 1990. Si mwalimu wa darasani tu. Alishinda ADCC, mashindano ya mieleka ya kukabana bila gi yaliyoanzishwa Abu Dhabi mwaka 1998, mara mbili: ule mwaka wa kwanza kabisa na tena mwaka 2000. Alipigana pia Japani kwenye ulingo wa PRIDE, mashindano ya kupigana kwa ngumi, mateke na kukabana.

Waliopita kwenye mikeka yake ni wengi, nitaje wachache ambao habari zao zitakusaidia. Matt Serra ndiye Mmarekani wa kwanza kupewa mkanda mweusi na Renzo (mikanda hupanda kutoka mweupe wa wanaoanza, bluu, zambarau, kahawia hadi mweusi), na mwaka 2007 alimshinda Georges St-Pierre akatwaa ubingwa wa UFC, mashindano ya Marekani ya aina ileile ya PRIDE. St-Pierre naye alikuwa mgeni wa jimu hiyohiyo. Enzi zake za kuzoa taka Montreal alikuwa akipanda basi hadi New York kuja kufanya mazoezi, anashikwa kabali, anagonga kwa kiganja kuonesha amesalimu amri, anarudi kwao, anakuja tena. Ukitaka mfano wa namna mgeni anavyofaidika, huo unatosha. Mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain alianza jiu-jitsu akiwa ameshapita miaka hamsini, akifanya mazoezi kwenye jimu hii, na mwaka 2016, akikaribia miaka 60, alishinda dhahabu ya mkanda wa bluu katika kundi la umri wake kwenye mashindano ya IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Brazil, hapohapo New York. Kwa hiyo usijitoe mapema kwa kusema umri umekwenda.

Jambo moja ulijue kabla hujalipa nauli. Wengi wanaitamani jimu hii kwa sababu ya John Danaher, mtu wa New Zealand aliyekuja New York kusomea falsafa Chuo Kikuu cha Columbia, akaishia kufundisha miaka mingi katika chumba kile cha chini. Humo alilea kundi la vijana waliobadilisha kabisa namna dunia inavyotumia kufuli za miguu, yaani mbinu za kubana viungo vya mguu mpaka mtu asalimu amri: Gordon Ryan, Garry Tonon, Eddie Cummings. Danaher na kundi lake waliondoka New York mwaka 2020, wakaenda Puerto Rico, kisha wakagawanyika, na yeye akahamia Austin, Texas. Ukimfuata yeye Manhattan hutamkuta. Fundisho lake ndilo lililobaki, na utalikuta kwenye miguu ya watu utakaopambana nao.

Jipime kabla ya kusafiri

Madarasa ya wanaoanza yapo, na mtu asiyewahi kufunga mkanda maishani anaweza kuingia. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba, kama safari nzima unaifanya kwa ajili ya jimu hii, subiri kwanza ufanye mazoezi ya mfululizo nyumbani kwa miezi sita au zaidi. Uwe unajua kuanguka bila kuumia, kutoa nyonga chini ya mtu aliyekulalia, kufunga gadi, yaani kumzuia kwa miguu mtu aliye juu yako, na kuirudisha inapopitwa, na kugonga bila aibu. Ukiwa na hayo manne, kila darasa litaongeza kitu juu ya kitu. Bila hayo, wiki nzima itapita ukijifunza mambo ambayo kocha wako wa nyumbani angekufundisha kwa bei ndogo zaidi.

Kisha mwambie kocha wako kwamba unasafiri na unakwenda wapi. Zamani kule Brazil kuonekana kwenye mkeka wa timu nyingine lilikuwa kosa zito, na bado wapo makocha wenye hisia hizo. Wengi siku hizi watafurahi, na baadhi watakuandikia ujumbe wa kukutambulisha. Heshima hiyo haikugharimu kitu, na utakaporudi hutakuta mtu amenuna.

Andika kabla ya kufika

Ingia kwenye tovuti yao, hakikisha anwani, soma ratiba ya wiki hiyo unayokwenda, halafu tuma barua pepe fupi. Jimu hii ina madarasa mengi kwa siku, kuanzia asubuhi mapema hadi usiku, ya gi na ya bila gi, ya msingi na ya waliokomaa, kwa hiyo ukifika tu bila kuuliza unaweza kuangukia darasa lisilokufaa.

Barua iwe na mambo haya na isizidi hapo: jina lako, mkanda wako na muda uliofanya mazoezi, jimu unayotoka na jina la kocha, tarehe utakazokuwepo, na maswali matatu. Mgeni wa mkanda wangu anaruhusiwa madarasa yapi? Ada ya siku moja ni kiasi gani na ya wiki ni kiasi gani? Kuna masharti yoyote ya mavazi? Usitume orodha ya medali. Kama una jeraha la zamani, goti au bega, lihifadhi uwaambie walimu na wenzako ana kwa ana.

Kuhusu ada, New York ni ghali. Tenga dola 50 kwa darasa moja ili jibu lao lisikushtue, kisha uliza kama kuna bei ya wiki, maana kwa kawaida siku tatu au nne zikijumlishwa moja moja huzidi bei ya wiki nzima.

Andika pia kwenye bajeti yako bima ya afya ya safari, na usome maandishi madogo: bima nyingi za watalii hazigusi majeraha ya michezo ya kupambana mpaka uongeze kipengele. Goti likiachia Marekani bila bima, picha moja ya MRI na daktari mmoja vinaweza kumeza nauli yako yote. Kama huna bima inayokubali mchezo huu, mimi ningeahirisha safari.

Viza sitaizungumzia sana, kwa sababu masharti ya Marekani kwa nchi zetu yanabadilika mara kwa mara. Anza na tovuti ya ubalozi wao katika nchi yako kabla ya kununua chochote. Njia ikiwa imefungwa, usiione kama mwisho wa jambo. Abu Dhabi wamewekeza sana kwenye mchezo huu, jiu-jitsu inafundishwa katika shule zao, na kwa ndugu zetu wengi walioko Ghuba mkeka mzuri uko karibu kuliko wanavyodhani. Mengi ya mwongozo huu yatawafaa na huko.

Kufika na mahali pa kulala

Eneo la Penn Station linafikika kirahisi. Treni za chini ya ardhi namba 1, 2 na 3 zinasimama upande wa Barabara Kuu ya 7, na za A, C na E upande wa Barabara Kuu ya 8. Ukitokea uwanja wa JFK, panda AirTrain hadi Jamaica, kisha treni ya Long Island moja kwa moja hadi Penn Station. Ukitokea Newark, treni ya New Jersey Transit inakuleta hapohapo. Hoteli za Manhattan zinauma mfukoni, kwa hiyo wengi hulala Jersey City au Newark na kuvuka kila siku kwa treni. Chagua malazi yenye mashine ya kufulia au yaliyo karibu na dobi la mashine. Kwa mtu wa gi, hilo ni muhimu kuliko kifungua kinywa cha bure.

Begi lako na mwili wako

Hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu usafi ndio jambo la kwanza wenyeji wanalolipima kwa mgeni, na hawatakuambia usoni.

Beba gi mbili kama unakwenda kwa zaidi ya siku mbili. Gi nene ya pamba haikauki usiku mmoja chumbani, hasa majira ya baridi, na kuvaa iliyobaki na unyevu wa jana ni kuwatesa wenzako. Kwa mgeni rangi nyeupe ndiyo salama kila mahali, kwani zipo jimu zisizokubali rangi nyingine. Kama gi yako ina nembo kubwa ya timu nyingine mgongoni, taja jambo hilo kwenye barua yako. Kwa darasa la bila gi, beba fulana ya kubana yenye mikono na kaptula isiyo na mifuko wala zipu, maana vidole vya watu huvunjika humo. Ongeza kinga ya meno, plasta ya vidole, taulo, chupa ya maji, na mfuko wa plastiki wa kuwekea nguo zilizolowa.

Ndala ni lazima. Kanuni haina mjadala: viatu havipandi mkekani, na miguu mitupu haishuki mkekani. Ukitoka kwenda msalani au kunywa maji unavaa ndala, ukirudi unaziacha ukingoni. Mtu aliyekwenda chooni pekupeku kisha akarudi kwenye mkeka ambao wenzake wanalaza nyuso zao atakumbukwa kwa hilo tu, hata kama alikuwa fundi.

Kata kucha za mikono na miguu usiku wa kuamkia. Vua pete, hereni, cheni, bangili na shanga za kiunoni. Nywele ndefu, rasta au misuko, zifunge kwa mpira usio na chuma. Usipake mafuta mengi mwilini siku ya darasa, hasa mafuta ya mgando, kwa sababu yanamfanya mwenzako ashindwe kukushika na yanaacha mkeka ukiteleza. Kwetu kupaka mafuta baada ya kuoga ni sehemu ya adabu, kwa hiyo yaweke begini, upake ukimaliza.

Kisha kagua ngozi yako kwenye kioo, mbele na nyuma. Choa, jipu, upele wenye usaha, malengelenge ya mdomoni: ukiona kimojawapo, huendi mkekani mpaka kipone, hata kama umevuka bahari. Magonjwa haya yanahama kwa kugusana, na jimu yenye watu wengi inaweza kuambukizwa nzima na mtu mmoja aliyeona uchungu kupoteza siku yake. Kwa wiki mbili kabla ya safari ogea sabuni mara tu baada ya kila zoezi, fua gi kila unapoivaa, fua na mkanda. Wapo wanaoamini mkanda haufuliwi. Ufue.

Siku ya kwanza mlangoni

Fika nusu saa kabla. Kuna fomu ya kukubali kwamba mchezo una hatari na kwamba hutaishtaki jimu, na inahitaji kusomwa. Utaulizwa mtu wa kupigiwa simu ukiumia, kwa hiyo uwe na namba ya mtu aliyeko Marekani kama unaye. Ukiulizwa uzito, wao wanapima kwa ratili: kilo 70 ni ratili 154. Uliza vyumba vya kubadilishia viko wapi, kabati la kufungia vitu likoje, na mwalimu wa darasa lako ni nani.

Ukimwona mwalimu, nenda umsalimie kabla ya darasa. Mwite Profesa au Kocha mpaka yeye mwenyewe akuambie vingine. Sema jina lako, mkanda wako, unakotoka, na jeraha kama lipo. Maneno kumi na mbili yanatosha. Mwalimu akishajua goti lako la kushoto halijapona, atakuchagulia mwenza kwa busara.

Vaa mkanda unaokustahili. Mtu mwenye mkanda wa bluu hujificha kwenye mweupe akidhani ni unyenyekevu, na hilo linawapotosha wenzake ambao wanapima nguvu zao kwa rangi unayovaa. Unaingia darasa la bila gi? Sema mkanda wako kwa mdomo ukiulizwa.

Wakati wa kupanga mstari, tazama wenyeji wanavyojipanga. Mara nyingi mikanda ya juu inakuwa upande mmoja na mweupe upande mwingine. Wewe mgeni simama mwisho wa kundi la mkanda wako. Ukichelewa, usipite katikati ya watu: subiri ukingoni mwalimu akuone na kukuruhusu.

Darasani

Darasa la kawaida lina kupasha mwili joto, mbinu moja au mbili au tatu zinazofuatana, kisha raundi. Kazi yako wakati wa mbinu ni kuifanya kama inavyofundishwa pale, hata kama kwenu mnaifanya tofauti. Tabia inayowachosha wenyeji kuliko zote ni ya mgeni anayemwambia mwenza wake "sisi kwetu tunashika hapa". Iweke hiyo mfukoni. Umelipa na umesafiri ili uone namna yao, na mbinu unayodhani unaijua mara nyingi ina jambo dogo la nyonga au la mshiko ambalo ndilo lililokuleta.

Lugha ya darasa ni Kiingereza, na kwa walimu wengi kina lafudhi ya Rio. Ukipitwa na maelezo, usione haya kumwomba mwenzako akuoneshe tena, na katika mchezo huu mwili unaeleweka upesi kuliko maneno. Mwalimu akiwa anaonesha, kaa au piga goti, usilale wala usigeuze mgongo. Usirekodi video bila ruhusa. Wengine watakuruhusu kurekodi mbinu mwishoni, wengine hapana, na jibu lolote lipokee vizuri.

Raundi

Hapa ndipo penye utamu na ndipo penye hatari. Raundi nyingi ni za dakika tano au sita, na kengele ikilia unatafuta mwenza mwingine.

Mgeni ana nafasi ngumu kidogo. Wenyeji hawamjui, yeye hawajui, na kila upande unajiuliza mwingine ataingiaje. Basi weka kasi wewe mwenyewe. Raundi ya kwanza nenda taratibu, nusu ya nguvu zako, acha gadi yako ipitwe, acha ukaliwe mgongoni, utoke kwa ufundi. Wenzako watasoma hilo haraka na watakurudishia hivyohivyo. Ukianza kwa kukurupuka kama uko fainali, watakuona mtu wa hatari, na kwenye chumba kile hakosekani mwenye uwezo wa kukutuliza, naye atafanya hivyo bila maneno.

Kama una hiari ya kuchagua, tafuta mikanda ya zambarau na ya kahawia iliyo karibu na uzito wako. Hao wana ujuzi wa kukulinda na bado wana hamu ya kukuonesha kitu. Mkanda mweupe mgeni kwa mkanda mweupe mwenyeji ndiyo raundi inayoleta viwiko puani. Mikanda myeusi usiikimbilie siku ya kwanza. Katika baadhi ya jimu mdogo hamwombi raundi mkubwa, bali husubiri aitwe, kwa hiyo tazama kwanza wanavyofanya. Na unayo haki ya kukataa raundi. Ukiona mtu anakuzidi kilo 30 na anarusha watu, sema umechoka, pumzika.

Sasa kugonga. Unagonga mwili wa mwenzako mara mbili tatu kwa kiganja, anaachia. Mikono ikiwa imebanwa, gonga kwa mguu au sema kwa sauti. Katika ukoo wa Gracie kuna habari maarufu za watu waliokataa kugonga. Mwaka 1951, uwanjani Maracanã, Hélio aliacha Masahiko Kimura amvunje mkono, na pambano likasimamishwa na wasaidizi wake wa pembeni. Mwaka 2000 Renzo mwenyewe, Japani, alishikwa na Kazushi Sakuraba kwa kufuli hiyohiyo iliyopewa jina la Kimura, kiwiko kikaachia, hakugonga. Hadithi hizo zinasisimua, lakini zile zilikuwa siku za pambano mbele ya halaiki. Wewe uko kwenye mazoezi ya Jumanne na wiki ijayo unatakiwa kazini. Gonga mapema, na gonga mapema zaidi kuliko unavyofanya nyumbani, kwa sababu hujui kasi ya mikono ya watu hawa.

Hili linahusu zaidi kufuli ya kisigino. Mpinzani ananasa mguu wako kwa miguu yake yote miwili, goti lako likiwa limefungwa katikati, kisha anakumbatia kisigino chako kwa mkunjo wa kiwiko na kukizungusha. Nguvu yote inakwenda kwenye mishipa ya goti. Ubaya wake ni kwamba maumivu yanachelewa: kwenye kufuli ya mkono unasikia onyo, hapa unaweza usisikie kitu mpaka goti limeshaharibika. Shirikisho la IBJJF lilikuwa limeikataza kabisa, na ni mwaka 2021 tu liliporuhusu itumike bila gi kwa watu wazima wa mikanda ya kahawia na myeusi. Kwa hiyo, ukitoka jimu inayofuata kanuni hizo, unaweza kuwa na mkanda wa bluu wa miaka mitatu na hujawahi kushikwa kisigino hata siku moja. Halafu unaingia darasa la bila gi kwenye jimu ambayo sayansi hiyo ilipikwa humohumo.

Fanya hivi. Kabla ya raundi, mnapogonganisha viganja, mwambie mwenzako wazi kwamba kufuli za kisigino huzijui na unaomba zisitumike. Hakuna mtu wa maana atakayekudharau. Pili, ukihisi kisigino kimenaswa na goti haliwezi kutoka, gonga hapo hapo, usisubiri uchungu. Tatu, usijizungushe kwa pupa ili utoke, kwa sababu ukizunguka upande usio wenyewe unalimaliza goti lako kwa nguvu zako mwenyewe. Tulia, gonga, kisha muulize akuoneshe njia ya kutoka. Swali hilo moja, likiulizwa kwa mtu aliyelelewa kwenye mkeka ule, linaweza kuwa somo bora kuliko yote utakayorudi nayo.

Na wewe ukimshika mwenyeji, kaza polepole na umpe muda wa kugonga. Ukimgongesha, usishangilie, endeleeni. Akikugongesha mara tano, vilevile.

Kwa dada zetu, na kwa wanaofunga

Hijabu ya michezo, ile ya kuvuta isiyo na pini, haizuii kufanya mazoezi, na fulana ya mikono mirefu pamoja na suruali ya kubana chini ya gi ni mavazi ya kawaida kabisa mkekani. Kama hutaki kupambana na wanaume, mwambie mwalimu mwanzoni naye atakupangia. Usingoje mpaka watu wameshajipanga wawili wawili. Uliza pia kwenye barua yako kama kuna darasa la wanawake pekee wiki hiyo.

Safari ikiangukia Ramadhani, chagua darasa la usiku baada ya futari, kula kidogo kwanza, ule vizuri ukimaliza. Kukabana kwa dakika sita na koo kavu tangu alfajiri kunaleta kizunguzungu, na mtu mwenye kizunguzungu huchelewa kugonga.

Kupanga siku zako

Ukiwa na wiki moja, usiingie mara mbili kila siku. Mwili uliotoka kwenye ndege ya saa nyingi, wenye usingizi wa upande mwingine wa dunia, huumia siku ya tatu. Siku ya kwanza darasa moja la msingi, raundi mbili au tatu tu. Siku ya pili na ya tatu darasa moja moja lenye raundi zaidi. Siku ya nne pumzika. Tembea Manhattan, kula, lala. Siku ya tano na ya sita ndizo za kujipa, maana kufikia hapo watu wameshakuzoea, wanakuita kwa jina, na raundi zinakuwa na mazungumzo ndani yake. Kama kuna saa za mkeka huru mwisho wa wiki, ambapo watu wanapambana bila somo, usizikose: ndipo unapokutana na wageni wengine kutoka kila pembe.

Kila baada ya darasa, kabla hujapanda treni, andika kwenye daftari au simu mambo mawili: mbinu iliyofundishwa, kwa maneno yako ya Kiswahili, na mahali uliponaswa zaidi. Usiandike kumi. Mawili yakifanyiwa kazi nyumbani kwa miezi miwili yanaingia mwilini.

Picha na mwalimu iombwe baada ya darasa lako la mwisho, si kabla ya la kwanza. Kama Renzo mwenyewe yupo siku hiyo, na husafiri sana kwa hiyo usimhesabie, subiri amalize anachofanya, msalimie, mshukuru. Ukiwa na zawadi ndogo kutoka kwetu, kahawa ya Kilimanjaro, chai ya Kericho, kanga, mpe mwalimu aliyekufundisha siku nyingi au dada wa mapokezi aliyejibu barua zako. Ukinunua fulana yenye nembo yao, muulize kocha wako kama anaikubali kabla ya kuivaa kwenye mkeka wa nyumbani.

Siku ya kuondoka fanya darasa la asubuhi tu kama ndege ni ya usiku na dobi liko karibu. Gi iliyolowa jasho ikifungiwa kwenye begi saa ishirini hutoka na ukungu usiotoka tena, na mzigo unaongezeka kilo. Fua, kausha kwenye mashine kwa joto la chini ili isirudi ndani, ndipo ufunge begi. Wiki mbili baadaye kagua tena ngozi yako kabla hujawagusa wenzako wa nyumbani.